UZI: Jinamizi, Popobawa na theluji ya Kilimanjaro. Tunamwona Mungu, au tunaona tulichofundishwa kuona?

Mwana Pangani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna ubishi wa humu ndani umenichosha. Mmoja anasema, "Mungu yupo, nimemwona akitenda maishani mwangu." Mwingine anamjibu, "Hayo ni mawazo yako tu." Mjadala unaishia hapo, yanabaki matusi. Naona pande zote mbili zimeruka swali la kwanza kabisa: huyu anayesema "nimeona", nini hasa kilimpata, na nini alikiongeza yeye?

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kuupiga aujue. Tukio humpata mtu kweli. Ila jina la tukio hilo amelikuta kwao. Na tukishakubaliana hivyo, bado hatujathibitisha kwamba Mungu yupo, wala kwamba hayupo. Wengi humu wanadhani tayari tumethibitisha.

Jaribuni hiki kwanza. Chukua karatasi nyeupe, andika X upande wa kushoto, halafu kulia kwake, kama sentimeta nane, weka nukta nene. Ziba jicho la kushoto. Jicho la kulia likaze kwenye ile X tu, kisha sogeza karatasi polepole kuja usoni. Kwenye sentimeta thelathini hivi nukta inatoweka. Nyuma ya jicho kuna mahali mshipa wa fahamu unapotokea kwenda kwenye ubongo, na pale hakuna chembe za kupokea mwanga. Sote tunapo hapo mahali, hata mwenye macho ya kipanga.

Kutoweka kwa nukta ni jambo dogo. Angalia kilichokaa mahali pake. Huoni tundu wala giza, unaona karatasi nyeupe, safi. Fanya kwenye karatasi ya njano, utaona njano. Palipokosekana habari ubongo umejaza kwa kukisia, na haukukuomba ruhusa.

Sasa kama hayo yanafanyika mchana, ukiwa mzima na umetulia, usiku wa manane inakuwaje?

Wengi humu mmewahi kukabwa na jinamizi. Unaamka, macho yako wazi, chumba unakiona, lakini mkono haunyanyuki na sauti haitoki. Halafu unajua, hukisii, unajua kabisa kwamba kuna mtu chumbani. Wengine anawakalia kifuani. Jambo hili liko duniani kote. Wajapani wana jina lake, kanashibari. Kule Newfoundland, Kanada, wavuvi walisema ni bibi kizee anawakalia. Misri wengi wanasema ni jini. Ganzi ni ileile, uzito kifuani ni uleule, na yule "mtu" yupo kila mahali. Sura yake tu ndiyo inayobadilika, na anaitoa katika hadithi alizosimuliwa huyo aliyelala.

Nakuja kwetu. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, Pemba ilikumbwa na Popobawa, pepo aliyesemwa kuwavamia watu usiku, baadaye Unguja, habari zikavuka hadi Dar. Aliwahi kusikika Pemba miaka ya 1960, na 2007 akarudi tena midomoni mwa watu Dar. Waliopatwa walisimulia mambo yanayofanana mno: usiku, kitandani, mwili haujongei, kitu kizito juu yako, na aibu isiyosemeka. Tena ilisemwa kwamba ukinyamaza bila kuwaambia wenzako, anarudi. Hebu fikiria hilo sharti. Hofu ambayo kila aliyepatwa lazima aitangaze itasambaa vipi?

Na watu walipoogopa wakaacha kulala. Walikesha nje, wakiota moto kwa makundi. Kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoleta jinamizi. Kwa hiyo, kwa hesabu yangu mimi, kisiwa kilichokesha kwa kumwogopa Popobawa kilijitengenezea njia ya kumwona zaidi.

Swali langu ni hili. Kama macho na akili zetu hufanya kazi namna hii, imani ya Mungu tunaiweka wapi? Karibuni. Matusi kaa nayo nyumbani.

---

Siti ya Mbele

Nimekaa hapa, kahawa ninayo, kashata ninazo. Wajuzi tiririkeni. Nukta imepotea kweli aisee, nimemwita na shemeji yenu kaja kuthibitisha.

---

Mzee wa Ng'ambo

Mwanangu Pangani, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu aliyesoma. Sisi tulikuwepo.

Mwaka ule watu wazima, wenye heshima zao, walibeba mikeka wakalala uwanjani na watoto. Mtu ambaye humjui kwa uongo anakuja asubuhi rangi imemtoka, anakwambia kitu ambacho mwanamume wa Kizanzibari hakisemi hata akitiwa kisu shingoni. Nyie vijana mnasema "hadithi". Hadithi gani mtu anajitungia ya kujivunjia heshima?

Siasa nazo zilikuwemo. Kila kundi lilikuwa na maneno yake kuhusu nani kamleta. Sitaki kuyafukua.

Lakini lipo moja ambalo hukuliandika na mimi nitaliandika. Mjini palikuwa na mtu wa bara, maskini, mgonjwa wa akili, alikuja kutafuta matibabu. Watu wakamshuku kuwa ndiye. Wakamuua. Asubuhi ikaonekana ni binadamu tu, ana mama yake mahali. Kwa hiyo mnapojadili nani kaona nini, kumbukeni kuna aliyekufa kwa walichokiona watu.

---

Nesi wa Zamu

Shikamoo Mzee. Naomba nieleze upande wa mwili, kisha nikae pembeni.

Ndoto zenye nguvu huja kwenye hatua ya usingizi ambapo macho yanachezacheza chini ya kope. Katika hatua hiyo ubongo hulegeza misuli karibu yote, ndiyo maana unaota unakimbia na kitandani hukimbii. Wakati mwingine fahamu zinarudi kabla misuli haijarudishiwa kazi. Hapo macho yamefunguka na chumba ni chako halisi, lakini ndoto haijaondoka. Misuli ya mbavu haikutii, inayofanya kazi ni ile ya chini ya mapafu peke yake, ukijaribu kuvuta pumzi ndefu unahisi umekaliwa. Sehemu za ubongo zinazohusika na hatari zimewaka, kwa hiyo unahisi adui kabla hujamwona. Ni sekunde chache hadi dakika kadhaa.

Kwa hiyo Mzee, hao wenzenu hawakuwa waongo. Mgonjwa akiniambia "nimekaliwa kifuani" namwandika hivyohivyo. Ninachobishana nacho ni nani kamkalia.

Kuna utafiti uliochapishwa 2013 uliolinganisha watu wa Misri na wa Denmark. Waliowahi kupatwa Misri walikuwa asilimia 44, Denmark 25. Na Wamisri walikaa kwenye ile ganzi muda mrefu zaidi, wakaogopa zaidi kwamba watakufa. Hofu inaonekana kuingia hadi kwenye tukio lenyewe, si kwenye masimulizi ya asubuhi tu. Hapo mleta mada naona mstari wako kati ya "tukio" na "jina" umeuchora mnyoofu mno. Jina nalo linashuka linabadilisha tukio.

---

Hoja Tupu

Nesi ubarikiwe, kama kuna wa kubariki.

Sasa tumalize kesi. Popobawa ni usingizi. Majini ni usingizi. Kwa nini Mungu tumpe msamaha? Mgiriki Xenophanes aliliona hili kama miaka 2500 iliyopita. Alisema Waethiopia wana miungu myeusi yenye pua bapa, Wathrakia wana miungu ya macho ya buluu na nywele nyekundu, na kama farasi wangekuwa na mikono ya kuchora, wangechora miungu farasi. Mzaliwa wa Tandahimba anamwona Allah, mzaliwa wa Machame anamwona Yesu, mzaliwa wa Varanasi kule India anamwona Shiva. Anayeonwa anafuata ramani ya shule za madrasa na Jumapili. Kuna haja gani ya kuendelea?

---

Kijana wa Kwaya

Inaniuma kumuunga mkono Hoja Tupu, lakini ile picha ya Yesu iliyoko sebuleni kwa kila bibi, nywele za kahawia zimeshuka mabegani, mwanga usoni, anatazama pembeni, ilichorwa na Mmarekani Warner Sallman mwaka 1940. Imechapwa zaidi ya nakala milioni 500. Kanisani kwetu watu wakitoa ushuhuda kwamba Bwana aliwatokea ndotoni, ukiwauliza alifananaje, wanakuelezea ile picha. Hakuna hata mmoja aliyemwona Myahudi wa Galilaya wa karne ya kwanza, mweusi wa jua.

Lakini mimi naamini bado. Kama angewatokea kwa sura wasiyoijua, wangemtambuaje?

---

Mmachame Halisi

Umetaja kwetu, nimeamka.

Hoja Tupu, tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai nyuma ya Mombasa, aliuona mlima wetu, Kilimanjaro, na kitu cheupe kileleni. Akamuuliza kiongozi wake wa njia ni nini kile. Akajibiwa: baridi. Basi. Kwa yule mtu kilichoko kule juu ni baridi, hana neno jingine na hahitaji.

Watu wengine wa misafara walisema ni fedha, inalindwa na pepo. Rebmann aliipokea simulizi kwamba Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma watu wakaangalie, wakafa, akarudi mmoja mikono na miguu imeharibika. Leo nesi angesema barafu imemla vidole. Wakati ule waliona kazi ya pepo.

Rebmann mwenyewe alikaa kivulini akafungua Zaburi ya 111, akavutiwa na pale Mungu anapowapa watu wake urithi wa mataifa. (Sisi wa pale mlimani, tukikumbuka Wajerumani walivyokuja kurithi baadaye, aya hiyo tunaisoma na nyusi zimepanda.)

Kwa hiyo mlima mmoja: baridi, fedha, pepo, utukufu wa Bwana. Mpaka hapo Hoja Tupu unafurahi, siyo? Kila mtu na ramani yake.

Ngoja sasa aje msomi. London alikuwepo William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye Afrika yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Alisoma habari ya theluji karibu na ikweta akaitupa. Kwake Rebmann alikuwa mtu wa macho dhaifu, mawazo mengi na tamaa ya maajabu; theluji ile kaiona kwa akili yake, si kwa macho. Alikuwa na ramani zake mezani, na katika ramani zake theluji haikuwa na nafasi. Ikabidi msafiri Mjerumani, Baron von der Decken, apande mlima mwaka 1861, na tena 1862, ambapo theluji iliwaangukia wenyewe. Cooley hata hapo hakukubali.

Unaona alipo? Yule aliyejiona hana imani yoyote, anapima tu, ndiye aliyekosea kuliko wote. Hata wale wa fedha na pepo walikuwa na kitu cheupe halisi mbele yao. Ukimwambia mtu "unaona ulichofundishwa", jiulize na wewe ulifundishwa nini usichoweza kukiona.

---

Siti ya Mbele

Hoja Tupu njoo huku, kuna mzigo wako.

---

Hoja Tupu

Nimeupokea, na ni mzuri. Lakini Mmachame umejifunga mwenyewe. Mlima ulikuwa na von der Decken. Mtu alipanda, akashika, akashuka. Kwa Mungu, von der Decken ni nani? Nani amepanda akarudi na jibu ambalo Mwislamu, Mkristo na Mhindu wote wamelisaini?

---

Maalim wa Chumbageni

Assalaam alaykum. Nilikuwa nasoma tu, sasa naona niseme.

Imam Ghazali, mzaliwa wa Tus mwaka 1058, alilipitia hili kabla yetu na kabla ya Wazungu wa jicho na ubongo. Alisema: ninatazama kivuli, naona kimesimama, kumbe kinatembea. Ninatazama nyota, naona ndogo kama dinari, na hesabu inaniambia ni kubwa kuliko dunia. Basi macho yamehukumiwa na akili. Je, akili nayo haiwezi kuwa na hakimu juu yake ambaye sijamjua bado? Mbona ndotoni naamini kila ninachokiona, hadi niamke?

Shaka hiyo ilimshika karibu miezi miwili, akawa hana pa kushika. Na alipotoka, hakusema katoka kwa hoja. Alisema Mwenyezi Mungu aliitia nuru kifuani mwake. Baadaye, mwaka 1095, akauacha ualimu mkubwa wa Baghdad akaenda zake, kwa sababu aliona kuna elimu ya kusoma na elimu ya kuonja. Kujua maana ya afya ni jambo moja, kuwa na afya ni jambo jingine.

Ndugu Hoja Tupu unataka mtu apande kwa niaba yako ashuke na karatasi iliyosainiwa. Kwa njia hii hakuna wakala. Na Qur'ani imekwisha sema macho hayamfikii, Yeye ndiye anayeyafikia macho. Kwa hiyo nyinyi mnaobishana kuhusu sura, picha na popo, mnabishana kuhusu kitu ambacho dini yenyewe haikudai.

---

Hoja Tupu

Maalim heshima yako. Ila Ghazali akaonja akakuta Uislamu. Mtawa wa Kikristo angeonja akakuta Utatu. Mbona kila anayeonja anakuta chakula cha kwao?

---

Yeyo wa Longido

Mnisamehe, mimi si wa vitabu. Sisi Wamaasai, Enkai, yaani Mungu wetu, tunasema ni mweusi na ni mwekundu. Mweusi ni wa mvua, mwema. Mwekundu ni wa ukame na hasira. Hoja Tupu atasema ni kwa sababu sisi ni wafugaji, na mimi nasema ndiyo, ni kwa sababu sisi ni wafugaji. Mtu ambaye ng'ombe wake hawajawahi kufa kwa kiangazi atamjuaje huyo mwekundu?

Mlima wetu Ol Doinyo Lengai una moto usiofanana na wa mlima mwingine wowote unaotema sasa. Uji wake unatoka mweusi, na ukikutana na unyevu wa hewa unageuka mweupe. Mgeni akiwa mbali anasema theluji. Mwaka 2007 ulilipuka. Wataalamu walieleza habari za chini ya ardhi na ni kweli. Na kina mama wanaokwenda pale kuomba watoto hawakuacha. Hawakwenda kuuliza uji umetengenezwa na nini.

---

Mwana Pangani (mleta mada)

Nimesoma yote. Nesi, nakubali mstari wangu unapindika; jina likizeeka kichwani linageuka kuwa sehemu ya jicho.

Hoja Tupu, swali lako la von der Decken ndilo zito kuliko yote humu, na sioni kama limejibiwa. Maalim amelikataa, hajalijibu, na ana haki ya kulikataa. Lakini na wewe kuna kitu unakipitisha bila kukilipia ushuru. Unasema kila anayeonja anakuta cha kwao, kwa hiyo hakuna kitu. Kwa hoja hiyohiyo Kilimanjaro isingekuwepo, maana waliouona hawakuafikiana. Kutofautiana kwa mashahidi kunaniambia mashahidi ni watu. Hakunielezi kilichokuwa mbele yao.

Mimi binafsi nikisikia ushuhuda, natazama unamdai nani. Bibi akisema Bwana kamtokea akamwambia asamehe, gharama anaibeba yeye. Simwombi karatasi. Watu wakisema wamemwona Popobawa na ni yule mgeni pale kibarazani, hapo nataka mtu apande mlima kabla panga halijanyanyuka. Mzee wa Ng'ambo ndiye aliyelileta hilo, na naona sote tumelipita haraka.

---

Mzee wa Ng'ambo

Mmelipita, ndiyo. Ahsante kwa kurudi.

---

Bi Mkubwa Mdogo

Jamani mimi sina falsafa. Nakabwa karibu kila wiki, juzi nimemwona kasimama mlangoni kabisa. Nesi, nifanyeje?

---

Nesi wa Zamu

Pole dada. Acha kulala chali, lala ubavu. Lala na kuamka saa zilezile. Ukishikwa usipigane na mwili mzima, kazana na kidole kimoja cha mguu tu hadi kitikisike. Na umweleze unayelala naye akusukume akikusikia unakoroma vibaya.

---

Bi Mkubwa Mdogo

Ubavu nitalala. Na Ayatul Kursiy nitaisoma vilevile.

---

Nesi wa Zamu

Isome, ukitulia usingizi unakuja vizuri. Ila kama usingizi unakuvamia hata mchana, au ukicheka sana magoti yanalegea, usikae nyumbani. Nenda hospitali ukawaeleze hivyohivyo.